Rejeta inavuja: namna ya kulisaka tundu na kuliziba mwenyewe

Rejeta ya kwanza niliyoitoa kwenye gari kwa mikono yangu haikuwa na tundu lolote. Niliifungua, nikaiosha, nikaizamisha kwenye beseni na kuipulizia upepo: hata povu moja halikutoka. Maji niliyoyaona yakidondoka yalikuwa yakitoka kwenye mpira wa juu wa kupitishia maji, pale klipu ilipolegea. Yaliteremka juu ya tangi la rejeta, yakafuata ukingo hadi kona ya chini, na mimi nikaihukumu kona. Kazi ya bisibisi ya dakika mbili ikanila siku nzima.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusaka. Kuziba kunafuata, na namna ya kuziba haitegemei ukubwa wa tundu peke yake. Inategemea kwanza rejeta yako imetengenezwa kwa nini.

Kabla ya kushika spana

Injini ikiwa ya moto, mfuniko wa rejeta hauguswi. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na mfuniko wa magari mengi ya kawaida hushikilia shinikizo la bar 0.9 hadi 1.1, yaani psi 13 hadi 16 hivi. Shinikizo hilo lina kazi yake. Mchanganyiko wa nusu kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu maji, ukiwa wazi, huchemka karibu na nyuzi joto 107. Ukibanwa kwa bar 1, huvuka nyuzi 125 kabla ya kuchemka. Kwa hiyo ndani ya injini iliyopata joto kali kunaweza kuwa na maji ya nyuzi 115 yaliyotulia kabisa. Ukizungusha mfuniko, kilichoyatuliza kimeondoka. Yanalipuka kuwa mvuke, na uso wako ndio ulio karibu.

Subiri hadi uweze kuubana mpira wa juu kwa vidole na kuukuta umelegea na umepoa. Saa moja si nyingi. Hata hapo, weka kitambaa kinene juu ya mfuniko na uuzungushe polepole.

Chomoa pia waya wa hasi wa betri. Feni ya umeme kwenye magari mengi inaweza kuanza kuzunguka hata swichi ikiwa imezimwa, kwa sababu tu kihisi chake bado kinaona joto, na haitakuuliza kama vidole vyako viko ndani.

Jambo la mwisho kabla ya kazi: kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Mtoto au mbwa akiikuta kwenye beseni anaweza kuinywa kwa hamu. Ifunike, usiimwage kwenye udongo wala mtaroni, na ihifadhi kwenye dumu lililoandikwa mpaka utakapoipeleka mahali panapopokea taka za gereji.

Kuyafuata maji mpaka yanakotoka

Anza usiku. Tandika kadibodi safi chini ya sehemu ya mbele ya gari, lala, asubuhi uje usome. Doa la kijani, la waridi, la buluu au la rangi ya chungwa, lenye utelezi kidogo na harufu tamu, ni kulanti. Doa jeusi au la kahawia ni oili, na hiyo ni habari nyingine. Maji meupe yasiyo na harufu wala rangi, tena upande wa abiria baada ya kuwasha kiyoyozi, ni unyevu wa kawaida unaotiririka kutoka kwenye kiyoyozi chenyewe. Watu wamewahi kubomoa magari kwa ajili ya maji hayo.

Doa linakuonyesha maji yalipoangukia tu. Chukua tochi, fungua boneti injini ikiwa baridi, na ukague kutoka juu kwenda chini, kwa sababu maji hayapandi. Kulanti ikikauka huacha alama kama chaki, nyeupe au yenye rangi yake. Sehemu ya juu kabisa yenye alama hiyo ndiyo mshukiwa wako wa kwanza. Pita kwenye shingo ya mfuniko, miunganiko ya mipira yote miwili mikubwa, mshono kati ya tangi na mirija, uso wa mirija yenyewe, kisha kizibo cha kumwagia maji kilicho chini. Bonyeza mipira: ukisikia inakwaruza ndani au imevimba karibu na klipu, imekwisha muda wake hata kama leo haivuji.

Usiusahau mfuniko. Mpira wake wa ndani ukikakamaa au springi yake ikichoka, maji yatakimbilia kwenye tangi la akiba na kumwagika, na dalili zake ni zilezile za rejeta inayovuja. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote katika habari hii, na mimi huanza kukibadilisha pale ninapokitilia shaka.

Kama macho hayakutosha, tumia pampu ya kupimia shinikizo, ile ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko. Kama huna, azima. Jaza maji hadi juu, funga pampu, na upandishe shinikizo mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako. Usizidishe: ukivuka kiwango hicho unaweza kupasua kitu kilichokuwa kizima. Iache dakika 15. Sindano ikishuka, tafuta palipolowa. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba injini ni baridi, feni haizunguki, na unaweza kusogeza sikio karibu usikie mlio mwembamba wa maji yanayopenya.

Usipopata pampu kabisa, rudisha waya wa betri, washa injini, iache ifikie joto lake la kazi, kisha angalia kwa tochi ukiwa umesimama mbali na feni na mikanda. Ni kuangalia tu, mikono mfukoni. Ukimaliza, zima, ngoja ipoe na uchomoe tena waya wa betri.

Sindano inashuka lakini nje pamekauka? Hapo rejeta huenda haina hatia. Zulia la mbele likiwa limelowa, vioo vikifunga ukungu na ndani ya gari kukinuka utamu, inavuja rejeta ndogo ya hita. Maji yakitoka kwenye kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, sili ya pampu imekufa. Kitundu hicho kiliwekwa makusudi ili kikuambie hivyo. Moshi mweupe wa ekzosi usioisha hata injini ikishapata joto, mapovu yanayopanda mfululizo kwenye shingo ya rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Na gari la gia otomatiki lina hatari yake: mara nyingi oili ya gia hupita ndani ya tangi la rejeta ili ipoe. Ukuta wa ndani ukitoboka, utakuta kwenye rejeta uji wa waridi. Gari hilo lisiwashwe tena. Maji yakiingia kwenye gia boksi, hasara yake inazidi rejeta kumi.

Itambue rejeta yako

Sumaku haikusaidii, maana hakuna aina inayoishika. Tumia macho na ncha ya kisu. Rejeta za zamani, na za baadhi ya malori na mashine, ni za shaba: mirija ya shaba ya njano au nyekundu na matangi ya bati la shaba yaliyounganishwa kwa risasi ya kulehemu. Kwaruza rangi nyeusi kidogo, utaona njano. Za magari mengi ya leo zina mirija ya alumini na matangi mawili ya plastiki nyeusi, yaliyobanwa kwa meno ya bati yaliyokunjwa kuzunguka ukingo, na katikati pana oringi ndefu ya mpira.

Sasa amua. Mimi huziba tundu moja au mawili kwenye mirija. Hubadilisha oringi ya tangi kama plastiki bado nzima. Lakini tangi la plastiki lililopata ufa kwenye shingo ya mpira silitumaini, kwa sababu plastiki hiyo imepikwa miaka mingi. Ufa mmoja una ndugu zake wanaokuja. Na rejeta ambayo vibati vyake vyembamba vilivyo kati ya mirija vinaporomoka kama majivu ukivigusa, nunua nyingine. Kuziba hapo ni kuahirisha tu.

Kuitoa

Weka beseni pana, fungua kizibo cha chini taratibu (mara nyingi ni cha plastiki na huvunjika kwa mtu mwenye haraka), kisha fungua mfuniko ili maji yashuke vizuri. Pima kiasi kilichotoka kwa chupa yenye vipimo na ukiandike. Namba hiyo itakufaa mwishoni kuliko unavyodhani.

Legeza klipu na uzirudishe nyuma. Mpira uliogandama usiuvute kwa nguvu: shingo ya plastiki itabaki mkononi mwako. Uzungushe kwanza kushoto na kulia. Ukikataa, ukate kwa wembe kwa urefu na ununue mpya. Chomoa plagi ya feni, fungua fremu yake na uitoe. Kama kuna mabomba mawili membamba ya oili ya gia, yafungue ukiwa na vizibo safi tayari mkononi, maana hata punje ya mchanga haikubaliki mle.

Mbele ya rejeta huwa kuna kitu kinachofanana nayo: kipoza gesi cha kiyoyozi. Usifungue mabomba yake kamwe, yana gesi yenye shinikizo. Fungua vishikio vyake tu na ukiache kikae palepale. Halafu nyanyua rejeta wima polepole. Vipande vya mpira vya chini mara nyingi hubaki kwenye fremu, vihesabu visipotee.

Ioshe kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu kubwa, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili wadudu na vumbi vitoke njia vilivyoingilia. Ile mashine ya kuoshea magari yenye shinikizo kubwa italaza vibati vyote.

Kipimo cha beseni

Ziba shingo zote kwa vipande vya mpira na klipu, bakiza moja ya kuingizia upepo kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Zamisha rejeta na upandishe taratibu mpaka bar 1, usizidi. Kompresa ya gereji isiyo na kidhibiti inaweza kulipasua tangi la plastiki na kurusha vipande, kwa hiyo iache ilipo. Mapovu yakianza, weka alama kwa kalamu ya rangi, kisha endelea kuizungusha rejeta yote. Tundu la pili hupenda kujificha nyuma ya la kwanza.

Kuziba rejeta ya shaba

Hii ndiyo inayompendeza fundi. Toa maji yote na uache rejeta ikauke kabisa. Tone moja likibaki ndani litageuka mvuke na kuisukuma risasi itoke kila unapoiweka. Sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka shaba ing'ae, paka dawa ya kulehemu, kisha pasha kwa chuma kizito cha kulehemu. Kile kidogo cha redio hakitoshi, shaba hunyonya joto lote na kukiacha kimepoa. Risasi ya kawaida ya 60/40 huyeyuka kabla ya nyuzi 200, nawe unatakiwa uyeyushe hapo tu. Funika maungio ya jirani kwa matambara yaliyolowa, la sivyo utaziba tundu moja na kufungua matatu. Ishara ya kazi nzuri ni risasi kutandaa yenyewe kama mafuta kwenye kikaango cha moto. Ikijikusanya kama shanga, uso bado mchafu. Mwishoni suuza vizuri, kwa kuwa dawa ya kulehemu ina asidi na itaendelea kula. Fanya kazi mahali penye hewa, na nawa mikono kabla ya kula: hiyo risasi ni sumu.

Kuziba mrija wa alumini

Usijaribu kuilehemu kwa vifaa vya shaba. Alumini huvaa ngozi ya oksidi inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660. Viwandani huunganishwa kwenye tanuri la nyuzi 600 hivi, kwa dawa maalumu. Ukileta moto nyumbani, mrija huo mwembamba kama karatasi utadondoka kabla hujaona dalili.

Njia ya mwanafunzi ni gundi ya chuma ya mirija miwili, epoksi inayostahimili joto. Isome pakiti: inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 150. Kwa koleo lenye ncha ndefu, ondoa vibati kuzunguka tundu kama sentimita moja kila upande. Sugua kwa msasa namba 80 mpaka uso uwe na mikwaruzo, futa kwa asetoni au spiriti. Petroli haifai, huacha mafuta. Changanya gundi kwa vipimo sawa au kama pakiti inavyosema, kandamiza kidogo ndani ya tundu lenyewe kwanza, kisha tandaza juu na pembeni. Halafu acha saa 24. Najua gari linahitajika kesho asubuhi. Acha saa 24.

Mrija ukiwa umechanika kwa urefu, gundi haitaushika. Ukate pale, kunja kila ncha kwa koleo mara mbili kama unavyofunga mdomo wa mfuko, kisha uzibe mikunjo kwa gundi. Rejeta ikiwa na mirija 40, umepoteza asilimia 2.5 ya njia ya maji, injini haitalalamika. Ukifika mrija wa nne, simama.

Tangi la plastiki na mshono wake

Mshono ukivuja, jaribu kwanza kukaza meno ya bati kwa koleo, kidogo kidogo, ukisogea jino kwa jino pande zote mbili za mahali panapovuja. Ikishindikana, yafungue meno kwa bisibisi pana, kila moja likiinuka kiasi tu cha kuachia tangi. Yakikunjwa sana hukatika. Badilisha oringi, safisha mfereji wake, kisha rudisha ukibana kwa kupishana, upande huu na ule.

Kwa ufa, kama huna budi: toboa kitundu cha milimita 2 au 3 kwenye kila ncha yake ili usiendelee kutambaa, chimba mfereji wa umbo la V juu yake, kwaruza pembeni, na ujaze epoksi iliyoandikwa kuwa inashika naironi. Itakufikisha kwenye rejeta mpya. Safari ndefu usiende nayo.

Dawa za chupa

Zile za kumimina ndani ya rejeta hufanya kazi kweli kwa kitundu kidogo cha sindano. Shida ni kwamba dawa haijui tundu ni lipi na mrija mwembamba wa hita ni upi, nayo huziba vyote. Ninaiweka kwenye gari kama gurudumu la akiba, kwa dharura ya barabarani, na nikifika naimwaga na kusuuza mfumo. Yai na pilipili manga ya unga, dawa ya wazee, ina kasoro hiyohiyo pamoja na harufu.

Kuirudisha na kutoa hewa

Rudia kipimo cha beseni kabla ya kuifunga. Kisha irudishe kwa mpangilio wa kinyume, klipu mpya, kila moja ikikaa nyuma ya ukingo wa shingo na si juu yake. Kaza kwa bisibisi mpaka mpira uanze kubonyea, basi.

Jaza kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Rangi si kipimo cha kutegemea, kwa sababu kila kiwanda hupaka yake, na aina mbili zisizopatana zinaweza kugeuka tope. Kama umenunua ile nzito, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba yana chumvi zinazoganda ndani ya mirija.

Rudisha waya wa betri. Gari likiwa limeinuka kidogo mbele, washa hita kwa joto la juu kabisa, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, kisha mimina polepole. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, isinguruzwe. Mapovu yatatoka, kiwango kitashuka, ongeza. Mpira wa juu utabaki wa uvuguvugu kwa muda halafu upate moto ghafla: hapo themostati, kile kilango kinachoyaachia maji ya moto yaende kwenye rejeta, imefunguka, na kwa kawaida ni kati ya nyuzi 82 na 92. Ongeza mara ya mwisho, funga mfuniko, na ungoje feni iwake na kuzima mara moja.

Sasa rudi kwenye ile namba uliyoandika. Kama ulitoa lita 5 na zimeingia 3.5 tu, lita moja na nusu iliyobaki ni hewa iliyojificha mahali, mara nyingi kwenye hita, na hewa haipozi injini. Ngoja ipoe, fungua, rudia.

Endesha karibu na nyumbani kwa siku mbili za kwanza huku jicho likiwa kwenye geji ya joto. Ikipanda kupita kawaida, simama na uzime. Usimimine maji baridi kwenye injini inayochemka, silinda hedi inaweza kupasuka. Injini ikipoa baada ya safari ya kwanza, kaza klipu tena robo mzunguko, kwa sababu mpira mpya hulegea ukishapata joto. Na ile kadibodi itandike tena usiku huo, na usiku unaofuata.